Mbegu Zilizomwamkia Bibi

“Usiniwekee hiyo chupa juu ya kochi la mteja,” fundi makochi alisema. “Ikimwagika je?”

“Imwagike nini? Haina kitu,” mkewe akajibu. “Na hilo ndilo tatizo. Wiki ya tatu sasa iko hapa, na haina kitu.”

“Mimi mzima. Mwanamume anajijua.”

“Mimi nami nilikuwa najijua. Nikatolewa damu, nikapigwa picha ya tumbo, nikatiwa dawa kwenye mirija mpaka nikaona nyota mchana. Wote wakasema mzima. Wewe unaombwa ujaze kichupa, hukuombwa kung’oa jino.”

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi lililovuliwa kitambaa, anashona kifungo cha shati la mwanawe. Springi zililalamika kila alipovuta uzi.

“Mwache apime, tumalize maneno,” alisema. “Akionekana mzima, wewe mkwe utafungasha. Nimeshazungumza na mama yake yule binti anayeshona mapazia. Nyonga anazo.”

“Na asipoonekana mzima?”

Mama mkwe alikata uzi kwa meno.

“Basi nami niseme langu,” mke alisema. “Mimi sipimwi tena. Akipatikana na tatizo, anatibiwa yeye, na hakuna mtu ataniita tasa tena, si ukoo wala majirani.”

Fundi aliichukua chupa, akaitia mfukoni. “Kesho naipeleka,” alisema, kwa upole ambao mkewe hakuuamini.

Asubuhi aliipitisha kwa kaka yake mkubwa, muuza matairi, ambaye alikuwa na watoto watano na mwingine njiani. Muuza matairi aliingia nyuma ya duka, akakawia kidogo, akarudi na chupa imejaa inavyotakiwa. Hakudai hata soda. Fundi hakuona kosa. Katika kazi yake, sponji ya kochi moja ikipungua unaazima ya kochi lingine, na mteja akikaa hashtuki. Aliibana chupa kwapani isipoe, kama alivyoelekezwa, akapanda gari kwenda hospitali.

Mkewe na mama mkwe walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye benchi la mbao chini ya dirisha la maabara. Kila mmoja alikuwa amekuja ili asije akahadithiwa na mwenzake.

Mpimaji alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alikuwa na utaratibu wake. Mbegu za kiume alizisalimia kwanza kabla ya kuzihesabu, maana alikuwa amegundua miaka mingi nyuma kwamba zisiposalimiwa hununa, na zikinuna hazihesabiki. Alidondosha tone moja kwenye kioo, akakisukuma chini ya hadubini, akainama.

“Hamjambo humo?”

“Hatujambo!” zilijibu kwa pamoja. Sauti yao ilikuwa kama ya redio iliyoishiwa betri, lakini kila neno lilisikika mpaka kwenye benchi. “Ila tumeumia, dada. Baba mdogo ametubana kwapani njia nzima.”

Mpimaji aliinua kichwa. “Nani amewabana?”

“Baba mdogo. Yule wa makochi.”

Mpimaji alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akamtazama fundi dirishani. “Wewe bwana, hizi ni za kaka yako. Zako ziko wapi?”

“Kwani kuna tofauti?” fundi aliuliza. “Mimi na kaka ni damu moja. Tumenyonya ziwa moja.”

“Ungeleta damu ningepima damu. Ungeleta maziwa ningekupeleka kwa mwenye ng’ombe.”

Mama mkwe alikuwa amekwisha kusimama. Aliusogeza uso wake kwenye dirisha, na mbegu zikamwona.

“Shikamoo, bibi!”

“Marahaba, marahaba wajukuu zangu!” Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. “Mnawasikia walivyo na adabu? Mnawasikia?”

“Tunawasikia, mama,” mke alisema. “Lakini hawa wana mama yao.”

Mpimaji alitoa chupa nyingine. Alimuuliza fundi alikuwa amekaa muda gani bila kukutana na mkewe, kwa kuwa hilo nalo lina kiasi chake.

“Tangu mama aje kututembelea.”

“Alikuja lini?”

“Jumamosi. Analala chumba cha pili, na ukuta ni wa mbao.”

“Inafaa,” mpimaji alisema, akamwonyesha chumba cha mwisho wa korido.

Kilikuwa chumba kidogo chenye kiti kimoja na kalenda ya mwaka juzi. Fundi alikaa, akainuka, akakipindua kiti. Waliokishona walikuwa wametia vipande vya magodoro, vimejazwa hovyo. Alipotoka aliwaambia kwanza habari za kiti, kisha ndipo akatoa chupa.

Mpimaji aliinama. “Hamjambo humo?”

Aligonga kioo kwa ukucha.

“Hamjambo?”

“Tupo,” ilijibu mbegu moja, kama mtu aliyeamshwa na mgeni. “Wengine wamelala.”

Mpimaji alihesabu. Haikumchukua muda. Zilizokuwa macho zilizunguka palepale kama wageni wanaotafuta choo na wanaona haya kuuliza. Kadhaa zilikuwa na vichwa viwili, na vichwa hivyo havikuwa vinaelewana.

“Nini kimewapata?”

“Joto, dada. Upande wa kushoto kuna mishipa imevimba, imejikunja kama kamba ya mbuzi. Hatupati hewa, hatupati nguvu. Tumelalamika tangu hajaoa.”

Fundi alipelekwa chumba cha pili kupigwa picha ya korodani, na picha ikasema maneno yaleyale, kwa ufupi zaidi. Mpimaji alimweleza bila kupunguza sauti. Jambo hili ni la kawaida kwa wanaume. Kipimo kitarudiwa baada ya wiki chache, maana kimoja hakitoshi, na damu itapimwa pia. Daktari anaweza kuifunga ile mishipa kwa operesheni ndogo, na mtu akarudi kwake siku hiyohiyo. Haimhakikishii mtoto, lakini wengi hupata nafuu. Nafasi ya kumwona daktari kesho asubuhi ilikuwepo.

“Umesikia?” mke alimwambia mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu. “Inatibika. Twende ukajiandikishe.”

Fundi alimtazama mama yake.

Mama mkwe alikuwa amerudi dirishani. Mbegu zilizokuwa macho zilijikusanya.

“Shikamoo, bibi,” zilisema kwa shida.

“Marahaba. Mbona mmechoka hivi, masikini? Nani amewachosha?”

“Joto, bibi.”

Mama mkwe aligeuka taratibu akamkazia macho mkwewe. “Joto,” alisema. “Nilisema mimi. Nilisema siku ya kwanza nilipokukuta unampigia pasi suruali, halafu unampa avae ingali ya moto. Umewaunguza wajukuu zangu.”

“Bibi, tumesema tangu hajaoa,” ilisema ile mbegu moja.

“Nyamaza, watu wazima wanazungumza.”

“Mama, ni mishipa,” mke alisema. “Wao wenyewe wamesema. Picha imesema.”

“Picha inapiga kinachoonekana. Pasi ilishafanya kazi yake.”

Mpimaji alisema kwamba pasi haina uhusiano wowote na mishipa. Mama mkwe alimwambia, “Mwanangu, wewe kazi yako ni kuhesabu, hesabu.”

“Lakini kweli,” fundi alisema, akionekana mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. “Zile suruali zilikuwa zinachoma. Nilikuwa navumilia tu.”

“Kwa hiyo operesheni?” mke aliuliza.

“Operesheni ya nini, na chanzo tumeshakijua? Yule wa mapazia anakunja tu nguo, hapigi pasi. Mama anasema nitapoa polepole.” Alikohoa. “Na wewe, mama ameshakuombea picha nyingine ya mirija, Alhamisi. Tuhakikishe.”

Watu wengine kwenye benchi waliafikiana kwamba pasi ni kitu cha hatari. Mzee mmoja aliyekuja na chupa yake alisema kwao wanatumia ya mkaa, na ndiyo maana yuko hapa.

Mke aliwatazama mmoja mmoja. Hakulia wala hakupaza sauti. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa nyumba, akauchomoa kwenye pete ya funguo, akauweka mkononi mwa mama mkwe.

“Alhamisi nendeni wenyewe,” alisema. “Mimi nakwenda kwetu. Sasa hivi.”

“Mnaona?” mama mkwe aliliambia benchi. “Anawatelekeza wagonjwa.”

Mke alipita mbele ya dirisha la maabara. Chini ya hadubini, zilizokuwa macho ziliacha kuzunguka.

“Kwaheri, mama,” zilisema.

“Kwaherini,” alizijibu, kwa kuwa hakuwa na ugomvi nazo, akatoka.