Utepe wa Mzee Mikidadi

Bi Mwanaasha alishuka mjini kutoka Kinole, kijijini kwao milimani, na nishani ya baba yake ndani ya kopo la majani ya chai. Aliongozana na binamu yake, Abdulatif, ambaye hakuna mtu aliyemwalika.

"Nataka nisikie kwa masikio yangu," alisema Abdulatif walipofika mlangoni pa ukumbi.

Mwanaasha alitangulia kuingia. Alijua kilichomleta binamu yake. Kwa miaka mingi Abdulatif alikuwa akiwaambia watu kwamba nishani ile si ya Mzee Mikidadi, baba yake Mwanaasha. Kwamba marehemu Yusuph, kaka yake Mwanaasha, aliinunua Dar es Salaam kwa wanaouza nakala mpya za vitu vya kale, ili familia ipate la kujisifia. Maneno yale yalienea milimani kote. Siku ya maziko ya Yusuph yalinong'onwa mpaka kwenye mkeka wa matanga, na Mwanaasha aliyasikia, akayameza.

Sasa mjini Morogoro yalikuwa yanaandaliwa maonyesho ya askari wa mkoa waliopigana Vita ya Pili ya Dunia. Kila kilicholetwa kilikaguliwa kwanza, na mkaguzi alikuwa Winfrida, mtaalamu wa vitambaa vya kale, dada mpole mwenye miwani.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu." Mwanaasha akafungua kopo. "Baba yangu alipewa hii kwa vita vya Burma."

Winfrida aliipokea kwa mikono miwili: nyota ya shaba yenye ncha sita, ikining'inia kwenye utepe wa bluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa pembeni.

"Shaba wanaiga vizuri sana siku hizi," alisema. "Utepe ndio huwa unawaumbua."

Alifunga madirisha, akashusha mapazia, chumba kikawa giza mchana kweupe. Kisha akawasha tochi ya mwanga wa zambarau, kama zile za kukagulia noti bandia, akaumulika utepe.

Utepe ukang'aa kwa weupe wa kibuluu.

Winfrida alimgeukia Mwanaasha. "Pole, mama. Nyuzi za wakati wa vita hazing'ai hivi. Dawa inayofanya kitambaa king'ae ilianza kutumika baadaye. Huu unaonekana wa juzi juzi."

"Nilisema mimi!" Abdulatif alipiga paja. "Yusuph alitufanya wajinga."

Mwanaasha alimkumbuka baba yake barazani, akiwa yeye bado mtoto mdogo, mzee akiigeuza nyota ile kiganjani na kuwasimulia mvua isiyokatika na ruba wa Burma. Aliiona kwa macho yake, miaka mingi kabla Yusuph hajajua njia ya Dar. Lakini nani angeamini macho ya mtoto? Akainamisha kichwa ili wasimwone akilia, na hapo ndipo alipouona mtandio wake mwenyewe. Mwanga wa tochi ulikuwa umeuangukia, nao ulikuwa unang'aa vilevile.

"Mwanangu," alisema polepole, "mbona na huu unawaka?"

"Ni sabuni ya unga, mama. Ina dawa hiyohiyo, hubaki kwenye nguo."

"Basi na utepe ni hivyo! Kila Idi naupangusa kwa kitambaa na maji ya sabuni ya unga. Nilikuwa natunza, kumbe naharibu!"

Winfrida aliinua kichwa haraka. "Umewahi kuufumua? Kuuloweka?"

"Thubutu! Huo mshono aliushona baba mwenyewe. Naupangusa kwa juu tu, taratibu."

"Basi ndani ya pindo alilolishona, sabuni haikufika. Naomba ruhusa yako nifumue."

Mwanaasha aliitikia kwa kichwa. Winfrida alichukua kijimkasi, akakata mishono ya zamani mmoja mmoja pale utepe ulipozunguka kipete cha nyota, akalikunjua pindo. Akamulika.

Upande wa nje uling'aa. Ndani, palepale palipokuwa pamefichwa na pindo, utepe ulikuwa mweusi tii. Hapakuwa na hata chembe ya mwanga.

"Alhamdulillahi," Mwanaasha alinong'ona.

Winfrida akaokota kipande cha uzi wa utepe kilichochomoka, akakichoma kwa kiberiti. Hakikuyeyuka kama nailoni. Kiliungua kama karatasi, kikaacha majivu laini. "Pamba," alisema, sasa akitabasamu waziwazi. "Utepe ni wa zamani kabisa. Ila hauwezi kuniambia nani aliuvaa..." Akafungua dirisha na kusogeza lenzi. "Subirini. Humu ndani pana namba, kwa wino. Nne, moja..."

"Saba, nane," ilisema sauti nyuma yao.

Ilikuwa ya Abdulatif. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, uso umembadilika. Namba ya jeshi ya Mzee Mikidadi waliijua watoto wote wa ukoo. Mzee aliwapanga mstari uani na kuwachezesha gwaride kwa namba hiyo, nne moja, saba nane, mpaka wakaangukiana kwa kicheko. Abdulatif ndiye aliyekuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Dada," alimwambia Mwanaasha, "nimemdhulumu Yusuph. Nimemdhulumu na mjomba."

"Umewadhulumu," alisema Mwanaasha. "Na utayasema hayo hayo kule ulikoyaeneza."

Aliyasema. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama mbele ya watu wa Kinole na kueleza yote bila kujitetea.

Siku ya maonyesho yalikuja magari mawili kutoka mlimani, watu wakiimba njia nzima. Nishani ilikuwa ndani ya kioo, na chini yake jina la Mikidadi kwa herufi kubwa. Mgeni rasmi alipouliza nani wa familia yake, Mwanaasha alinyoosha mkono, na nyuma yake ikanyooshwa mikono chungu nzima. Vigelegele vikapasuka ukumbi mzima. Mwanaasha akavipokea kichwa juu, akacheka kwa sauti, akaanza kuwasimulia wageni habari za mvua ya Burma.