Koti la Twidi la Mzee Anyosisye

Kitambaa alikinunua Ombeni upande wa Zambia: twidi, sufu nzito ya kahawia yenye vidoa vya kijivu, ambayo baba yake aliitamani tangu ujana. Mzee Anyosisye, aliyesumbuliwa na kifua tangu msimu wa kahawa, alisafiri kutoka Ihanda hadi Chapwa kupimwa koti. Alimwomba fundi Kefa asisahau mfuko wa ndani wa miwani, maana siku ya harusi angemsindikiza kitindamimba wake, Nesta, hadi madhabahuni, kisha asome neno. Kefa alisema ameelewa.

Siku ya kujaribu, Ombeni alibaki nje akiongea kwa simu. Koti lilimkaa mzee mabegani vizuri mno. Akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akapeleka mkono mfukoni. Mkono ukateleza. Kifuniko cha mfuko kilikuwepo, mfuko haukuwepo. Akapapasa ndani: hapakuwa na pa kuweka miwani, na mgongoni hapakuwa na bitana.

Hakuhitaji kuelezwa. Kaka yake alipofariki, ni yeye aliyemvika koti la namna hiyo la kuzikiwa, kazi ya Kefa huyu huyu. Kefa hakuwa na desturi ya kumkatia mifuko mtu wa kulazwa chali, wala kumtilia bitana mahali pasipoonekana.

"Nani alikuagiza hivi, fundi?"

Kefa aligeukia pasi yake. Aliyeleta kitambaa ndiye aliyeelekeza, alisema. Yeye alidhani wamekwisha kuzungumza nyumbani.

Mzee aliuliza kama mifuko inaweza kukatwa sasa.

"Kitambaa hakikubaki, mzee. Kilichobaki nimemshonea Ombeni kizibao cha harusi. Alisema yeye ndiye atakayemshika bibi harusi mkono."

Ombeni akaingia, simu bado mkononi. Alimzunguka baba yake, akamsifu kwamba amependeza kama mbunge. Kisha akanyoosha mikono kulipokea koti.

"Livue basi, baba, lisije likachafuka."

Mzee alifunga vifungo vyote, akatoka nalo kwenye jua la mchana na vumbi la malori, akashika njia ya stendi polepole, akikohoa. Ombeni alimfuata nyuma akimsihi kwa sauti ya chini, watu wasisikie. Pumzi ilipomwishia, mzee alitafuta pa kukaa. Mbele ya gereji palikuwa na rundo la matairi machakavu yenye grisi. Akakaa hapo, akaegemea ukuta, koti likiwa mwilini.