Ncha ya Ndoana

Virgil Ostrander alinitukana kwa miaka ishirini kwenye bwawa la bustani ya Whitlow, na sikumbuki siku aliyorudia tusi. Urushaji wangu wa mshipi aliufananisha na mtu anayefukuza popo kwa ufagio. Nzi wangu wa bandia wa kuvulia, ambao nilishinda jikoni usiku na mchana nikiwafunga kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana, aliwaita uchafu wa mashine ya kufulia. Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana kwenye bwawa letu asiyecheka huongezewa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa fundi kweli. Samaki wakubwa wa besi waliojificha kwenye majani ya upande wa daraja aliwajua mmoja mmoja. Na kila Aprili, lori la jimbo lilipotumwagia bwawani samaki wa trauti wa kufugwa, sisi tukihangaika yeye alikuwa anawatoa na kuwarudisha majini kama anayechambua mchele.

Mwaka ninaousimulia alitimiza themanini na mmoja. Kisukari kilikuwa kimeua vidole vyake, na macho hayakuona tena tundu la ndoana. Alikuwa akivua kwa nzi aliowatengeneza zamani, na mimi ndiye niliyemfungia kwenye mshipi, kwa kuwa nilikuwa jirani yake na nilikuja naye garini. Alininyooshea tu mkono bila kunitazama. Asante sikuwahi kuisikia.

Sasa, kwetu kuna mzaha wa tangu zamani. Unamkata mwenzako ncha ya ndoana kwa koleo bila yeye kujua, kisha unakaa kumtazama. Samaki anadonoa, mtu anavuta, hola. Anadonoa tena, anavuta tena, hola. Baada ya robo saa unamwambia, watu wanacheka mpaka machozi, na aliyekata ananunua donati za wote. Nilishafanyiwa mara tatu. Mara mbili ni Virgil.

Jumamosi ile, siku ya tatu tangu lori lije, nikamkata yeye ncha. Mvuvi yeyote huigusisha ndoana kwenye ukucha kabla ya kurusha. Virgil naye aliigusisha, kwa mazoea, lakini vidole havikumwambia kitu. Duane Metzger, aliyekuwa mpeleka barua wetu kabla ya kustaafu, aliniona na koleo, akageuka kando mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Virgil alikuwa ameshaingia majini mpaka magotini wakati binti yake Annette alipofika na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa.

"Baba amekuambia tulichokubaliana?" akaniuliza.

"Hajaniambia kitu. Huyu huniambia matusi tu."

Annette hakucheka. "Kipupwe hiki kaunguza mkono jikoni mara mbili, Gordy. Hakusikia mpaka nyama iliponuka. Daktari kasema asikae peke yake. Yeye anadai mikono yake mizima. Basi tukapeana neno. Akinasa samaki mmoja mbele yangu kabla ya saa sita, namwacha nyumbani kwake na simsumbui tena. Asiponasa, Jumatatu anahamia makao ya wazee, bila ubishi."

"Mmoja!" Virgil akapayuka kutoka majini. "Trauti wa lori, siku ya tatu! Hawa hata Gordy anawanasa, akifumba macho na Mungu akimwonea huruma!"

Ndivyo tulivyo watu wa bwawa lile. Mtu anaweka nyumba yake rehani kwa trauti wa kufugwa kwa sababu samaki hao ni wajinga, na hakuna anayemshangaa.

Duane hakuwa anacheka tena. "Mwambie," akaninong'oneza. "Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kamwambie sasa hivi."

Nilikuwa naenda kumwambia. Nilishashuka mpaka ukingoni, maji yakigusa viatu.

"Umekuja kujifunza?" Virgil akasema bila kugeuka. "Rudi nyuma, bwana. Usinitishie samaki kwa hiyo sura."

Annette akacheka, safari hii akacheka. Nikarudi nyuma.

Samaki wa kwanza alikuja kwenye mrusho wa tatu. Mshipi ukakaza, fimbo ikapinda, kisha ikanyooka. Virgil akasonya. Wa pili vilevile. Wa tatu na wa nne walifuatana, na baada ya wa tano aliacha kusonya. Alipompoteza wa sita alisimama akiitazama mikono yake, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto.

"Gordy," akaita. "Njoo, tafadhali."

Miaka ishirini, na ndiyo mara ya kwanza kusikia neno hilo kinywani mwake.

"Niangalizie ndoana. Ncha ipo?"

Nikamshika yule nzi, nikamwinua kwenye mwanga. Mkato ulikuwa unang'aa. Sekunde mbili zingetosha kumfungia mwingine, na sanduku lake la nzi lilikuwa kifuani kwake. Duane alikuwa anatazama nyasi.

"Ipo," nikasema. "Kali kama sindano."

Sitajitetea. Ilikuwa tamu. Nilitaka kulisikia tena lile tafadhali, na nilitaka ajue inavyokuwa kusimama mbele ya watu huku mikono ikikuaibisha.

Wa tisa alikuwa besi. Alitoka kwenye majani ya daraja, yule jike mkubwa ambaye Virgil alikuwa akimnasa na kumwachia kila mwaka, na maji yakapasuka watu wote bwawani wakageuka. Alimng'ang'ania nzi kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Annette alisimama kahawa ikimwagika. "Mshike, baba! Mshike!" Virgil alirudi nyuma, fimbo juu, kila kitu kama alivyotufundisha. Kisha besi akafungua mdomo, akaondoka.

Wakaja wawili zaidi. Halafu king'ora cha zimamoto kikalia saa sita, kama kinavyolia kila siku, na Virgil akakunja mshipi.

"Samaki wapo," akamwambia binti yake. "Mikono ndiyo haipo. Umeshinda."

Annette alilia huku akimvua viatu vya mpira. Alimkata yule nzi kwenye mshipi ili amchomeke kwenye kofia ya baba yake awe ukumbusho, nzi akakataa kuchoma kitambaa, basi akamsukumiza chini ya utepe wa kofia. Duane aliondoka bila kuaga. Siku hizi anavulia upande wa pili na hanisemeshi.

Jumatatu nilisaidia kubeba maboksi. Mlangoni Virgil alinipa fimbo yake. "Chukua," akasema. "Umeuvumilia mdomo wangu muda mrefu, na hukuwahi kuninyima mkono wako." Niliipokea. Kabla ya Mei kwisha nyumba ilikuwa imeuzwa, na wenyewe wapya wakaitupa jalalani meza aliyokuwa akitengenezea nzi.

Juni nilikwenda kumtazama, Alhamisi mchana. Alikuwa amekaa dirishani na kofia yake, amepungua, na hakunitukana. Nilipomsalimu alisema "karibu, Gordy," akarudi kutazama maegesho ya magari.

Muuguzi aliingia na dawa, akaniona ninamwangalia yule nzi kwenye utepe.

"Vitu vya ncha haviruhusiwi humu," akasema, mcheshi kabisa. "Lakini huyu nimemkagua, mtu alishamkata ncha. Sijui ni nani, ila alifikiria. Wengi hawafikirii."

Virgil alivua kofia. Akamtoa yule nzi, akampapasa kwa kidole gumba, kidole kilichokufa. Kisha akamwinua mpaka kwenye mdomo wa chini, mahali penye hisia bado, akamburuta taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akarudia.

Muuguzi alikuwa ameshatoka.

"Walikuwa wangapi siku ile?" akaniuliza.

"Kumi na mmoja."

"Na mimi nilihesabu kumi na mmoja."

Nilianza kusema kitu, sijui ningesema nini. Aliinua mkono kunizuia. Alimrudisha nzi chini ya utepe, akavaa kofia, akaiweka sawa.

"Alhamisi ijayo uje tena," akasema. "Uje kila Alhamisi. Mtu mwenye macho mazuri kama wewe asinisahau."

Ninakwenda. Sijakosa hata moja. Nikishakaa, anavua kofia, ananipa yule nzi mkononi, na kila mara ananiuliza kwa adabu, mbele ya yeyote aliyepo:

"Tafadhali, Gordy. Niangalizie. Ncha ipo?"

Ninamwinua kwenye mwanga wa dirisha, ninamtazama, ninasema haipo.