Pombe ya Ngokela ya Bibi Mektilda

Kama kuna kitu Tadea alijivunia pale Matiri, ni pombe yake. Kila mama mkwe wake, Bibi Mektilda, alipoita ngokela, majirani walikuja na majembe kumchimbia mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mlimani, wakachimba huku pua zimeelekea jikoni kwa Tadea. Ngokela hailipwi, inanyweshwa. Pombe ikiwa mbaya, mwakani unachimba peke yako.

Basi mwaka huu akatokea wifi yake, Beata, katoka Dar es Salaam alikokuwa akifanya kazi kwenye baa inayojipikia bia. Kaja na ndoo yenye mfuniko, mrija, na kifuko cha hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu.

"Mama, safari hii nipike mimi," akasema.

Na mama, bila hata kumtupia jicho Tadea, akakubali.

Wivu ukampanda Tadea. Siku ile alikatakata majani ya maboga utadhani yamemtukana. Miaka yote kapuliza moto mpaka macho yamekuwa mekundu, leo mtu anashuka kwenye basi na ndoo, tayari ndiye mpishi. Haya bwana.

Beata alichemsha nafaka na hopsi zake, akafunika ndoo, akakataza mtu kuigusa. Hewa ilitoka kwenye mrija ikibwabwaja, kisha ndoo ikatulia kimya. Tadea akafurahi moyoni. Pombe ya kwao hunywewa ingali inachemka. Iliyonyamaza imekufa, hata mtoto anajua. Angetulia naye, aone wifi anavyoumbuka. Lakini wivu unawasha, hauachi mtu akakaa. Vipi kama watu wataipenda hivyo hivyo?

Jumapili wenzake walipokwenda misa, akasingizia kichwa. Akafungua ndoo. Wala hakuonja. Akamimina humo uji wa kimea chake cha ulezi, uleule anaoamshia pombe yake, akakoroga, akafunika.

"Ichachuke kupita kiasi sasa, tuone huo ufundi wa mjini," akanong'ona.

Siku ya ngokela, Beata alipofungua ndoo, povu lilifurika mpaka chini. Jirani yao mzee Stephano akapewa kata ya kwanza. Akanywa, akanywa tena, na kata hakuirudisha. Wachimbaji wakaanza kusogea.

Beata naye akaonja, akashangaa. "Jamani, juzi Jumamosi niliionja ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Nilikuwa nawaza nitajificha wapi. Sijui imelainikaje."

"Una mkono wewe," akasema mzee Stephano. "Mwakani tunarudi."

Tadea alisimama mlangoni, ulimi unamwasha. Neno lilikuwa dogo tu: kimea ni changu. Lakini akishalisema, watauliza kiliingiaje ndani ya ndoo ya mwenzake, tena siku ya misa. Akalimeza, likashuka kama mfupa.

Bibi Mektilda akamwita, akamshika mkono kwa upole ambao Tadea hakuwahi kuupata siku zote alizompikia.

"Mwanangu, usione aibu. Kaa na wifi yako akufundishe. Pombe yako nzuri, ila ya huyu ina kitu ambacho sisi hatukijui."

"Sawa, mama," Tadea akasema. Akapiga goti, akapokea kata tupu, akaenda kuwajazia wengine.