Majina Yaliyokuwa Wazi

Kokuberwa alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoanza masomo ya jioni ya usalama wa mitandao. Zoezi la wiki hiyo lilikuwa kukagua Wi-Fi ya nyumbani, na pale Ilemela alikoishi, wapangaji wa nyumba yao walitumia Wi-Fi moja na zahanati ya jirani. Programu ikamwonyesha kompyuta isiyo na nywila. Akaifungua, akakuta majina ya wagonjwa wa zahanati wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi.

Alijua kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa kunaweza kumpeleka jela. Akasali rozari nzima, kisha akaenda zahanati.

“Shikamoo mama,” Daktari Mashimba alimlaki akicheka. “Leo ni malaria au masomo?”

“Marahaba, mwanangu. Ni masomo. Nimeiona orodha yako ya wagonjwa. Ukitaka kuniitia polisi, waite, lakini kwanza ifunge.”

Kicheko kikakatika. “Umesoma majina?”

“Matatu. Mungu anisamehe.”

Daktari akachomoa waya wa mtandao, jasho likimtoka. “Nani mwingine anatumia Wi-Fi hii?”

“Wapangaji wote,” alisema Kokuberwa. “Tangu Pasaka.”