Bi Kete Anakwenda Kupigiwa Ramli

Yeyote aliyepotewa na mbuzi, mume au usingizi aliijua njia ya kwa Bi Kete. Unampita muuza mkaa, unakata kona kwenye bomba la maji, unaingia mlango wa buluu usiofungika vizuri. Ndani kuna mkeka, na juu ya mkeka yupo Bi Kete mwenyewe, mguu mmoja ameunyoosha kwa ajili ya goti linalomuuma. Anazishika kete zake, anazinong'oneza, anazimwaga, halafu anakuambia mambo yako mpaka unajiuliza kama jana alilala chini ya kitanda chako.

Basi mwanamke huyo, mjuzi wa ya watu, hakujua kwa nini binti yake wa pekee amemkimbia.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana, kwa sababu ugomvi una mlango, unaugonga, unaomba radhi. Binti aliacha tu kuja. Alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi, mtaa wa pili, na jioni alizoea kumpitia mama yake, amkande goti, wawaseme watu kidogo, aende kwake. Mvua zikaanza, mvua zikaisha, binti haonekani. Mama akipita dukani, anapewa shikamoo ya mbali, kisha mtu anageuka na kuzama kwenye mvuke wa pasi kama kuku aliyeona kisu. Akipiga simu, "Niko kazini, Mama," hata siku ambayo duka limefungwa.

Mtoto mmoja ni kama jicho moja. Likifumba, umebaki gizani wewe na fimbo yako.

Wakubwa walisema mganga hajigangi. Bi Kete aliwaheshimu sana wakubwa, ndiyo maana alifunga mlango kwanza ndipo akajiganga. Akazimwaga kete. Zilipokaa asivyopenda, alisema mkeka una mkunjo, akazimwaga tena. Zilipokaa vibaya zaidi, alisema upepo. Aliendelea hivyo mpaka kete zenyewe zikachoka, zikamwambia alichotaka: ni yule mwanamke muuza mkaa, jirani, mwenye jicho la husuda.

"Nilijua!" akasema Bi Kete, akapiga paja.

Toka hapo akawa hamsalimii jirani. Akaenda kununua mkaa ng'ambo ya soko, na goti lile, akirudi amepinda kama mundu. Siku moja muuza mkaa akamfuata, akampokea mfuko bila kuombwa.

"Bibi, kama nimekukosea niambie. Unajitesa kwa mkaa mbichi, nakusikia ukikohoa moshi ng'ambo ya ukuta."

Bi Kete akamtazama usoni, akatafuta husuda, akakuta vumbi la mkaa tu. Akaona haya mpaka kwenye kisigino. Siku hiyo alielewa jambo alilokuwa akiwaambia wateja miaka nenda rudi bila kulisikia mwenyewe: kete akizirusha mwenye haja, haja ndiyo inayozisukuma. Akitaka kujua, lazima azirushe mwingine.

Na mwingine alikuwa mmoja tu. Fundi Redio.

Lo! Huyo, Bi Kete alikuwa amemcheka kwenye kila baraza. Zamani alikuwa akitengeneza redio. Watu walipoacha kununua redio, akaona si neno, atatengeneza watu. Akaondoa waya mezani, akatandika mkeka, akaanza kupiga ramli. "Mtu aliyeshindwa kuifanya redio iseme," Bi Kete alikuwa akisema, "leo anazisemesha kete?" Na watu wanacheka, naye anacheka kuliko wote.

Sasa aende vipi kwa mtu huyo mchana kweupe? Akajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani ya marehemu mumewe. Miwani ile ilikuwa ya mtu asiyeona mbali, na yeye ndicho alichobakiza, kuona mbali. Alimsalimia kwa heshima ndoo ya maji mlangoni, akajikwaa kizingiti, akaingia kwa Fundi Redio kwa magoti kama mja anayetubu.

"Karibu, mgeni wangu nisiyekujua kabisa," akasema Fundi Redio. "Una shida ya mtoto."

Bi Kete akacheka moyoni. Mwanamke wa umri huu akija peke yake, shida ni mtoto au goti, na goti lilikuwa limeshajitangaza. Hila hiyo aliitumia yeye kabla huyu hajaota ndevu.

"Labda," akasema, ameikunja sauti.

"Wa kike."

"Labda." Na hiyo pia ni hila: mwenye shida ya mtoto wa kiume angeanza kwa kumlalamikia mkwe.

Fundi Redio akamwaga kete zake. Bi Kete akavua miwani apate kuona, kujificha akakusahau. Katikati ya kete kulikuwa na kitufe cheusi cha redio, kile cha kuzungusha.

"Na hiki?"

"Kete ya mama ilinipotea. Nimeweka hicho."

"Mama ni kitufe cha redio?"

"Bibi, mama si ndiye anayeongeza sauti nyumbani?"

Akameza hiyo. Fundi Redio akainama, akakuna kidevu, akaanza. "Naona mwanamke jirani. Mweusi mweusi hivi, mikono ina vumbi. Ana husuda."

Hapo ndipo ufundi ulipomponza Bi Kete. Mpishi akionja chumvi haipo, hawezi kunyamaza hata kama ni harusi ya adui yake.

"Jirani yuko wapi hapo? We baba, unasoma au unabahatisha? Jirani hukaa pembeni, na pembeni hakuna kitu! Tazama kitufe chako kilipoangukia. Mama kamlalia mtoto. Mtoto hana pa kupumulia."

"Ahaa," akasema Fundi Redio, mpole kama maziwa. "Na mtoto anafanya nini?"

"Si huyo, kampa mama mgongo!"

"Ana chuki?"

"Chuki gani? Mwenye chuki angeviringika mbali. Huyu yuko hapa hapa, kajikunja. Mtu hujikunja hivi akiwa ameshika kitu, hataki kionekane."

"Kitu gani, Bibi?"

Bi Kete akafungua mdomo ajibu kama mtaalamu, akatambua kwamba jibu alikuwa nalo siku zote. Mteja mmoja alimwambia, "Siku hizi binti yako anapiga pasi amekaa, wamemwekea stuli." Yeye akasema ni uvivu wa kurogwa. Mwingine akamwambia binti kanenepa, kavaa gauni pana. Yeye akasema ni huzuni. Na mara ya mwisho binti alipokuja nyumbani, vitunguu vilikuwa vinakaangwa, akatoka nje ameziba pua. Yeye akamwuliza, "Siku hizi chakula changu kinanuka?" Dalili zote hizo alikuwa nazo mfukoni. Lau zingeletwa na mama mwingine, angezisoma amesinzia.

Akaona na lililobaki. Mara mbili binti yule alishika mimba, na mara mbili mama mtu alipiga ramli, akatoka barabarani kutangaza: wa kiume, mrefu, atakuwa daktari. Soko zima likapiga vigelegele. Mara mbili mimba zikatoka, na soko lile lile likampitia binti kwenye meza yake ya pasi, mmoja mmoja, kumpa pole. Hakuwahi kumlaumu mama yake. Alilia huku ananyoosha mashati.

"Hataki nijue," akasema taratibu. "Huyu mara hii hataki mtu ajue. Mimi hasa."

Fundi Redio akakusanya kete zake. "Mimi sijasema neno."

"Yule jirani ulimtoa wapi?"

"Mtaa mzima unajua unanunulia mkaa wapi, mwalimu. Nilitupa jiwe nione kama utalikataa." Akampa miwani yake. "Usinilipe. Umejisomea mwenyewe, mimi nimekuazima mkeka. Na kizingiti, pole."

Kesho yake Bi Kete alikwenda kwa dobi. Hakubeba kete. Akakaa kwenye benchi la wateja.

Binti akasimamisha pasi hewani. "Umekuja kuuliza nini, Mama?"

"Nimekuja kukaa."

"Kukaa tu?"

"Goti linapenda joto la hapa."

Shughuli ilikuwa kwenye macho. Tumbo lilikuwa pale pale, usawa wa meza, na macho ya Bi Kete yalizoea kusoma bila ruhusa. Akayapeleka darini. Akahesabu utando wa buibui. Akasoma kalenda ya mwaka uliopita mpaka akaimaliza.

Mara akaingia mwalimu wa chekechea kuchukua mapazia yake, akaona mama na mwana pamoja, akafurahi.

"Aa, Bi Kete! Hebu tuambie, wa kike au wa kiume?"

Pasi ikatulia. Binti akakauka kama shuka alilokuwa akilinyoosha. Na Bi Kete, Mungu anajua, alikuwa ameshaona jibu. Namna alivyosimama, mkono uliokaa kiunoni. Ulimi ulishaanza safari.

"Wa kike au wa kiume nani?" akasema. "Mimi nimezeeka, mwanangu. Jana nimeamkia ndoo ya maji. Chukua mapazia yako, yanapoa."

Mwalimu akaondoka akitikisa kichwa, akimsikitikia bibi wa watu.

Pasi ikarudi kwenye shuka. Kisha binti, bila kuinua uso: "Huna hata swali moja?"

"Ninayo gunia zima. Nimeyakalia, ndiyo maana unaniona mrefu."

Binti akacheka. Kicheko kilimtoka kwa ghafla hata yeye kikamshtua. Akavuta shuka kubwa la vitanda vya nyumba ya wageni, akamrushia mama yake ncha mbili.

"Basi shika hapo. Usikae bure."

Wakalikunja. Shuka halikunjwi na watu waliosimama mbali. Kila mkunjo lazima msogeleane. Wakasogea, wakakutanisha ncha, wakarudi, wakasogea tena. Kwenye mkunjo wa mwisho Bi Kete alijikuta karibu kabisa, vidole vyake vimeguswa na lile tumbo gumu, la moto. Likamsukuma kidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Akafumba macho haraka, asije akajua zaidi.

"Fumbua, Mama," akasema binti yake. "Utaliangusha shuka la watu."