Mafuta Kwenye Nta ya Igalula

Vilima vitatu vya kwanza kwenye mchoro vilikuwa vya nta. Cha nne kilichomoza mwishoni kabisa, upande wa kulia wa kioo cha kompyuta, na Hafsa akakigusa kwa kalamu.

"Mjomba, hiki si cha nyuki. Ni mafuta ya mnyama."

Hafsa ni binti wa marehemu dada yangu Batuli, na anafanya kazi katika maabara ndogo mjini Tabora. Nilikuwa nimempelekea vipande saba vya nta, kila kimoja na jina la mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mkaguzi wa nta wa kikundi cha warina asali cha Igalula. Nilisoma madarasa ya jioni nikiwa tayari na watoto watatu, nikapata cheti, na mpaka leo sijaacha kusoma. Nta niliikagua kwa meno, kama wazee walioipeleka pwani na misafara: iliyo safi ukiitafuna haigandi menoni. Sasa mnunuzi alikuwa ameurudisha mzigo mzima, akisema una mafuta ya mnyama. Wanachama hawakutafuta mbali. Mayala, Msukuma aliyehamia kutoka Igunga, ndiye pekee mwenye ng'ombe. Alhamisi wangemfukuza, na mizinga yake mia na ishirini ingetoka msituni.

Mimi nilinyamaza. Nta yake nilikuwa nimeipitisha mwenyewe.

"Nta na mafuta ni ndugu," Hafsa alinieleza. "Vyote vinachukia maji, ndiyo maana kuvitenganisha ni kazi."

Aliparua nta, akaiyeyusha kwa kemikali, akaingiza tone dogo mno kwenye mrija wa kioo wenye tundu jembamba kama unywele. Ndani ya mrija umeshindiliwa unga ambao nao unachukia maji. Hakuna pampu, umeme ndio unaosukuma kimiminika kupita. Kinachong'ang'ania unga kidogo hutoka mapema, kinachong'ang'ania sana huchelewa, na kila kinachotoka huchorewa kilima chake. Nilimwomba arudie, nikaandika kwenye daftari.

"Na hiki ni kipande cha nani?" niliuliza.

"Kashindye."

Kashindye hana hata mbuzi.

Tulipima vyote saba. Kilima cha nne kilikuwemo kila mahali, na cha Mayala hakikuzidi vya wenzake. Hafsa akafikiri kidogo, akakikata kipande cha Kashindye katikati, akapima kiini. Kilima hakikutokea.

"Mafuta yako kwenye ngozi tu. Nta wanaimimina kwenye nini?"

"Sufuria."

"Wanaipaka kitu?"

"Mafuta ya ng'ombe, ya buchani. Ili nta ikiganda itoke bila kupasuka."

"Nani aliwafundisha?"

Nilivua miwani nikaifuta, ingawa ilikuwa safi. Ilikuwa semina yangu ya kwanza. Maelekezo hayo niliyaandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, na wao, watu waaminifu, wakanakili neno kwa neno.

Hafsa alinitazama. "Naweza kuandika kwamba mafuta yako juu tu, basi. Mengine si lazima."

"Andika hivyo," nilimwambia. "Mengine nitayasema mwenyewe."

Alhamisi, Mayala alikuwa amekaa mlangoni, kofia magotini. Kabla mwenyekiti wetu, Recheli, hajafungua kikao, nilisimama. Nikawasomea majibu ya vipande vyote saba, kisha nikawaambia mafuta yametoka wapi na aliyewafundisha kuyapaka ni nani.

Kashindye akaninyooshea kidole. "Kumbe mwizi ndiye polisi! Basi tumfukuze Mzee Shomari!"

Wakacheka. Mayala hakucheka.

"Wiki tatu mke wangu hasalimiwi kisimani," alisema. "Wewe nta yangu uliitafuna, Mzee, ukajua ni safi. Meno ulikuwa nayo. Mdomo je?"

Nikamwomba radhi, nikiwa bado nimesimama.

Recheli akakohoa. "Haya. Sasa sufuria tuzipake nini?"

Walinigeukia wote, kwa mazoea, kalamu mkononi.

"Sijui," nilisema. "Nitakwenda kuuliza."

Mayala akanyanyuka, akabeba kiti chake kutoka mlangoni, akakiweka mstari wa mbele. Mbali na changu.